Shemeji Anasema Neno Moja la Kigiriki Lina Maana Moja Tu

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote wa safu hii. Mimi ni mwalimu wa darasa la kipaimara katika usharika mmoja mkoani Mbeya. Kila Alhamisi jioni familia yetu hukutana nyumbani kwa mama kwa ibada ya nyumbani: tunaimba, tunasoma sura moja, kila mtu anasema alichokielewa, kisha tunakunywa chai na kuagana. Utaratibu huu tulirithi kwa marehemu baba, nasi tumeushika miaka yote bila kukwaruzana.

Mwaka huu shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, amepakua katika simu yake programu ya Biblia ambayo ukibonyeza neno lolote la Agano Jipya inakuonyesha neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo, pamoja na namba yake. Tulipofika Wakolosai sura ya 1, kwenye maneno "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote", alibonyeza "viumbe" na likatokea neno ktisis, namba 2937. Akatuambia kwamba namba ni moja, neno ni moja, basi na maana ni moja: kiumbe. Kwa hiyo, akasema, Kristo ni kiumbe wa kwanza kuumbwa, na yale tunayoyakiri kanisani, kwamba Mwana hakuumbwa, hayatoki katika Biblia.

Hakuishia hapo. Alitupeleka Marko 16:15, tunapoagizwa kuihubiri Injili "kwa kila kiumbe", akaonyesha namba ile ile. Kisha akafungua 1 Petro 2:13, ambako Biblia yetu inasema "Tiini kila kiamriwacho na watu", na kumbe hapo pia ni 2937. Alinyanyua simu tuione wote. "Mnaona? Hapa watafsiri wameandika kitu kingine kabisa. Wametuficha." Mama alinyamaza, na chai ya siku hiyo ilinyweka kimya kimya. Binti yake shemeji, ambaye ni mwanafunzi wangu wa kipaimara, aliniuliza, "Mama mdogo, kila kiumbe ni pamoja na mbuzi?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Sikusoma Kigiriki. Shemeji amenizidi umri, amesaidia kunisomesha, na siwezi kubishana naye mbele ya watoto wake. Naomba unieleze neno hili lina maana gani hasa, kama kweli watafsiri wametuficha, nimjibu nini huyu binti, na tuendelee vipi na Alhamisi zetu bila kuvunjiana heshima.

Mwalimu wa kipaimara, Mbeya

JIBU

Dada yangu,

Shemeji yako hakutunga kitu. Neno alilolitaja lipo, na ndilo lililomo katika aya zote tatu alizowaonyesha. Alikoteleza ni pale aliposema kwamba kwa kuwa neno ni moja basi na maana ni moja, na ningependa tukae hapo kwa muda, kwa sababu ukishaona neno hili lilikuwa likifanya kazi gani kabla ya Paulo kuzaliwa, sehemu kubwa ya ugomvi wenu itapungua yenyewe.

Kwanza tuiondoe namba njiani. Mitume hawakuandika namba yoyote. Mmarekani mmoja aliyeitwa James Strong alitoa mwaka 1890 faharasa kubwa ya maneno ya Biblia ya Kiingereza, na ili msomaji asiyejua Kigiriki aweze kulitafuta neno la asili, aliyapanga maneno ya Kigiriki kwa alfabeti na kuyapa namba mfululizo. Ndiyo maana kitenzi ktizo ni 2936, ktisis ni 2937 na ktisma ni 2938: yamefuatana kwa sababu herufi zake zimefuatana. Namba hizo ni kama namba za nyumba mtaani, zinakufikisha mlangoni lakini hazikwambii nani anaishi ndani wala wako wangapi.

Sasa tuingie ndani. Kwa Wagiriki wa kale ktizo halikuwa hasa neno la ibada. Lilikuwa neno la watu waliofunga safari, wakavuka bahari na kuweka mji mahali ambapo mji haukuwapo. Mwanahistoria Herodotus, katika karne ya 5 KK, analitumia anaposimulia jinsi watu wa Teos, mji wa Kigiriki, walivyopanda merikebu kuukimbia utawala wa Waajemi, wakaenda Thrake na huko "wakauweka" mji wa Abdera. Ktisis basi ilikuwa ni uwekaji wa mji: kuchagua mahali, kupima viwanja, kutenga pa madhabahu na pa soko, kugawa ardhi, kupanga sheria. Mfano ulio maarufu zaidi uko Afrika. Karibu mwaka 630 KK watu wa kisiwa cha Thera, wakisukumwa na maagizo ya mahali pa uaguzi pa Delfi, walikwenda pwani ya Libya wakiongozwa na Battus, wakauweka mji wa Kirene, ule ule aliotoka Simoni Mkirene aliyebebeshwa msalaba. Battus alipofariki alizikwa peke yake penye uwanja wa soko, akaheshimiwa kama shujaa, wakati wafalme waliomfuata walizikwa kwingine. Mwenye kuuweka mji hakuhesabiwa pamoja na wakazi wake. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia tutakapofika Wakolosai.

Aleksanda Mkuu alipouweka mji wa Iskanderia mwaka 331 KK, wanahistoria wanasimulia kwamba hapakuwa na chokaa ya kuchorea ardhi, hivyo wakachukua unga wa shayiri waliobeba askari, na mfalme akatembea mbele akionyesha ukuta utapita wapi na soko litakuwa wapi, huku unga ukimwagwa nyuma yake. Hakuna jiwe lililokuwa limewekwa bado, na hata hivyo mji ulikwisha kuwekwa, kwa sababu mwenye mamlaka alikwisha kuamua. Hiyo ndiyo ladha ya neno hili kwa Mgiriki: linaanzia katika nia na amri ya mtu, na mikono ya mafundi inafuata baadaye. Karne nyingi baadaye miji ya mashariki iliendelea kuwapa wafadhili na watawala cheo cha ktistes, mwasisi, na kaisari Hadriani aliandikwa hivyo kwenye madhabahu nyingi.

Katika mji huo huo wa Iskanderia, kuanzia karne ya 3 KK, Wayahudi walianza kuyatafsiri Maandiko yao kutoka Kiebrania kwenda Kigiriki. Kwa aya ya kwanza kabisa ya Mwanzo walichukua neno la kawaida lenye maana ya "alifanya". Lakini kadiri kazi ilivyoendelea, ktizo lilizidi kupata nafasi: Melkizedeki anapombariki Abramu kwa jina la Mungu aliyeumba mbingu na nchi, neno ni hilo, Daudi anapoomba aumbiwe moyo safi katika Zaburi ya 51, neno ni hilo. Lilikuwapo neno jingine ambalo wangeweza kulichukua, demiourgos, fundi stadi, ambalo mwanafalsafa Plato alikuwa amelitumia kumwelezea yule anayeupanga ulimwengu kwa malighafi anayoikuta tayari. Watafsiri hawakulichukua kwa ajili ya Mungu muumbaji, na wataalamu wengi wameona kwamba walikuwa na sababu: fundi anahitaji mbao, ilhali mwasisi anahitaji neno lake tu. Katika Agano Jipya demiourgos limetokea mara moja pekee, Waebrania 11:10, na ajabu ni kwamba pale kinachozungumzwa ni mji, "mji wenye misingi, ambao mwenye kuubuni na kuujenga ni Mungu".

Maana ya zamani haikufa hata baada ya Ukristo kuenea. Katika jumba moja la kale huko Kourion, kisiwani Kupro, sakafu imepambwa kwa picha ya vijiwe ya karne ya 5 BK inayoonyesha mwanamke ameshika kipimo cha futi moja ya Kirumi, karibu sentimita 30, na kando ya kichwa chake imeandikwa KTISIS. Mwingine wa namna hiyo, wa karne ya 6, amehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Huyu amevaa vito shingoni na masikioni, naye ameshika kipimo chake, huku mwanamume pembeni akimletea pembe iliyojaa matunda. Kwa hao waliokanyaga sakafu hizo, ktisis alikuwa bibi mwenye rula mkononi, na hakuna aliyesoma maandishi yale akadhani ameandikiwa "kiumbe".

Jambo moja la sarufi, kisha tuingie kwenye aya zenu. Katika Kigiriki mwisho wa -sis kwa kawaida hutaja tendo na mwisho wa -ma hutaja kile kilichotokana na tendo hilo, kwa hiyo ktisis kwa asili ni kuumba na ktisma ni kilichoumbwa. Lakini wasemaji wa lugha hawatembei na kitabu cha sarufi. Sisi husema "ujenzi umeanza", tukataja tendo, kisha tukasema "ujenzi ule ni mbovu", tukaunyoshea kidole ukuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa ktisis. Katika Agano Jipya neno hili limo mara 19, na mara nyingine linataja tendo, kama katika Marko 10:6, "tangu mwanzo wa kuumbwa ulimwengu". Mara nyingine kitu kimoja, kama Warumi 8:39, "wala kiumbe kinginecho chote". Mara nyingine jumla ya vyote. Na katika Waebrania 9:11 hema isiyo ya ktisis hii imetafsiriwa kwa ufasaha "isiyo ya ulimwengu huu". Watafsiri wa Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili, iliyotoka ikiwa Biblia nzima mwaka 1952, hawakuficha chochote. Walifanya kile anachofanya mkalimani yeyote mwaminifu, yaani waliuliza kila mara: hapa mwandishi anasema nini? Aliyeshika namba peke yake hajaliuliza swali hilo.

Tuje kwenye Wakolosai 1:15, penye uzito. Hapa sioni haja ya kushindania maana ya neno viumbe, kwa sababu limetafsiriwa vizuri. Suala ni uhusiano kati ya "mzaliwa wa kwanza" na "viumbe vyote", na uhusiano huo katika Kigiriki una utata ule ule ulio katika "wa" yetu ya Kiswahili. Kiranja wa wanafunzi ni mwanafunzi. Mwalimu wa wanafunzi si mwanafunzi. "Wa" ni ile ile, na asiyejua shule hataweza kuitegemea "wa" peke yake imwambie nani ni nani. Inabidi asome mbele. Na Paulo anaendelea papo hapo katika aya ya 16: "Kwa kuwa katika yeye vitu vyote viliumbwa", akitumia kitenzi ktizo, kisha anataja vya mbinguni na vya duniani, vinavyoonekana na visivyoonekana, enzi, usultani, mamlaka, na kumalizia kwamba vyote viliumbwa kwa njia yake na kwa ajili yake. Mwandishi anayemweka mtu ndani ya orodha ya walioumbwa hamfanyi katika sentensi inayofuata kuwa ndiye ambaye orodha nzima imeumbwa kwake. Amewekwa upande wa mwasisi, kama yule Battus aliyezikwa mbali na waliomfuata.

Nalo jina "mzaliwa wa kwanza" halikuwa kwa Wayahudi hesabu ya kuzaliwa tu. Zaburi ya 89 inamtaja Daudi, mtoto wa mwisho wa Yese, na humo Mungu anasema atamjalia kuwa mzaliwa wake wa kwanza, juu sana kuliko wafalme wa dunia. Ni cheo cha mrithi. Ufunuo 3:14, ambayo shemeji yako ataifikia muda si mrefu kama hajaifikia, inasema "mwanzo wa kuumba kwa Mungu", na neno lililotafsiriwa "mwanzo" ni arkhe, ambalo laweza kuwa wa kwanza katika mfululizo, na pia chanzo, na pia mtawala. Barua hiyo iliandikiwa kanisa la Laodikia, jirani ya Kolosai, ambalo Paulo aliagiza lisomewe waraka wa Wakolosai. Ni vigumu kuamini kwamba wasikilizaji hao hawakuyaunganisha maneno haya mawili.

Hata hivyo, dada yangu, sitakupa silaha ambayo haipo. Usiende kwa shemeji na kumwambia kwamba Kigiriki kimemaliza mjadala. Hoja yake ni ya zamani, na aliyeipa nguvu, kasisi Arius, aliishi Iskanderia mwanzoni mwa karne ya 4. Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kila siku. Athanasius, aliyempinga maisha yake yote, aliishi mji huo huo na kuisema lugha hiyo hiyo. Mmoja wa mihimili ya upande wa Arius ulikuwa Mithali 8:22, ambako tafsiri ya Kigiriki inaifanya Hekima iseme "Bwana aliniumba", kwa kitenzi ktizo. Biblia yetu, ikikifuata Kiebrania kwa njia yake, inasema "Bwana alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake". Athanasius aliandika kurasa nyingi kuieleza aya hiyo moja, akidai kwamba inahusu Kristo kutwaa mwili wa kibinadamu. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulipotaka kusema wazi kwamba Mwana amezaliwa na Baba na wala hakufanywa, ulichagua kwa makusudi kulitenganisha neno la kuzaliwa na neno la kufanywa, kwa sababu maandishi ya Biblia peke yake kila upande ulikuwa ukiyasoma kwa macho yake. Kama watu wawili walionyonya lugha hiyo kwa mama zao hawakuafikiana, mtu aliyebonyeza kioo cha simu hatamaliza ubishi huo Alhamisi moja kabla ya chai. Mimi nasimama upande wa Nikea, na sababu zangu ni Wakolosai 1 yote na mwanzo wa Yohana, "Vyote vilifanyika kwa huyo", si neno moja. Shemeji naye anastahili kuambiwa aonyeshe sababu za namna hiyo.

Kwa binti, jibu ni rahisi na linapendeza. Katika Marko 16:15 "kila kiumbe" ni kila mtu. Wayahudi walikuwa na mazoea ya kuwaita watu "viumbe". Hillel, mwalimu mashuhuri aliyetangulia kidogo wakati wa Yesu, anakumbukwa kwa kuwahimiza wanafunzi wake wawapende viumbe na kuwasogeza karibu na Torati, naye hakuwa akisema habari za kondoo. Kiswahili kina mazoea hayo hayo: tunasema binadamu ni kiumbe mzito, na neno "halaiki", ambalo binti analijua kwa ajili ya watoto wanaocheza uwanjani siku za sherehe za taifa, limetoka katika Kiarabu kwa maana ya viumbe, likaja kwetu kwa maana ya watu wengi. Tena aya inayofuata inasema "Aaminiye na kubatizwa", maneno ambayo hayamhusu mbuzi. (Nakala mbili za kale kabisa za Injili ya Marko nzima, za karne ya 4, zinaishia aya ya 8 ya sura hiyo, kwa hiyo hazina aya hii, lakini hilo si la darasa la kipaimara.)

Ila usimwache akaondoka akidhani mbuzi hana lolote. Mpeleke Warumi 8:19 hadi 22, ambako "viumbe vyote pia vinaugua pamoja". Kati ya walimu wa Kanisa la kale, hapo Agostino aliona habari za wanadamu, lakini Yohane Krisostomo aliona ulimwengu wote umepewa sauti, kama manabii walivyoipa mito mikono ya kupiga makofi, na naona Krisostomo ndiye aliyesoma vizuri. Paulo anasema viumbe vilitiishwa chini ya ubatili "si kwa hiari yake", jambo lisilowafaa wanadamu waliojitakia, kisha katika aya ya 23 anasema "Wala si hivyo tu; ila na sisi wenyewe", akituweka kando na vile alivyokuwa akivitaja. Kwa hiyo mbuzi hayumo katika agizo la kuhubiriwa, lakini yumo katika tumaini la kuwekwa huru. Mtoto aliyeuliza swali lile kwa moyo mmoja atafurahi kulijua hilo, na wenzake waliocheka watakosa la kusema.

Kuhusu 1 Petro 2:13, mpe shemeji haki yake. Kigiriki kinasema ktisis ya kibinadamu, na wapo wataalamu wanaoisoma kama "kila kiumbe cha kibinadamu", wakitaja aya ya 17, "Waheshimuni watu wote". Wengine, nami nikiwamo, wanaona kwamba kwa kuwa Petro anaendelea mara moja na mfalme na wakubwa wanaotumwa naye, hapa tumerudi kwa yule bibi mwenye rula: mamlaka iliyowekwa, utaratibu uliopangwa ili watu waweze kuishi pamoja mjini. "Kiamriwacho na watu" ni tafsiri ya njia hiyo. Inaweza kupingwa, lakini si udanganyifu, na neno "wametuficha" ningeomba alirudishe. Kama angetaka kuwalaumu watafsiri, afadhali angewalaumu kwa 2 Wakorintho 5:17. Pale Kigiriki hakina hata kitenzi: "mtu akiwa ndani ya Kristo, ktisis mpya!" Biblia yetu inasema "amekuwa kiumbe kipya", na si kosa, lakini inamfungia mtu mmoja habari ambayo Paulo pengine aliiona kubwa kuliko mtu mmoja, kana kwamba ulimwengu mpya umeanza kuwekwa na huyo ni mkazi wake wa mwanzo.

Sasa Alhamisi zenu. Usimjibu mbele ya watoto, hapo umeona sawa. Nenda kwake siku nyingine, ikiwezekana dada yako awepo, umshukuru kwanza kwa kuwafanya mfungue Biblia kwa bidii mliyokuwa mmeipoteza. Na umshukuru kweli, kwa maana familia nyingi zinasoma sura nzima bila mtu hata mmoja kuuliza kitu. Kisha mwombe mambo mawili. Kwanza, akibonyeza neno, asome pia aya tano za kabla na tano za baada kwa sauti, kabla ya kusema neno hilo lina maana gani. Pili, mashaka yake juu ya yale mnayoyakiri kanisani ayapeleke kwa mchungaji wenu au ayazungumze na ninyi watu wazima, asiyamwage katika ibada ambayo mama anaitegemea na ambayo binti yake anajiandaa kwayo kupokea kipaimara. Akikataa la pili, mwambie mama mwenyewe aseme, kwa sababu nyumba ni yake na ibada ameachiwa na mumewe. Neno la mama mkwe halibishiwi kwa simu.

Na Alhamisi ijayo mpeni yeye zamu ya kuongoza Warumi sura ya 8, ambamo namba yake ya 2937 imo mara tano. Aeleze kila moja kwa zamu yake, na binti awe wa kwanza kuuliza.